Kutumia neno "maverick" katika barua ya mapendekezo

Umeuliza kama neno la Kiingereza "maverick" linafaa katika barua ya kumpendekeza mfanyakazi anayefuata njia zake mwenyewe. Ningekushauri ulitumie kwa tahadhari. Neno hilo limetokana na jina la Samuel Maverick, mwanasheria na mmiliki wa ardhi wa Texas aliyefariki mwaka 1870, ambaye ng'ombe wake hawakupigwa chapa. Baadaye kila ndama asiye na chapa akaitwa hivyo, kisha jina likahamia kwa watu, hasa wanasiasa wasiofungwa na msimamo wa chama chao, kama John McCain alivyoitwa katika kampeni ya urais wa Marekani ya mwaka 2008. Kwa hiyo humtaja mtu mwenye fikra huru na mara nyingi mwenye uwezo, lakini pia mgumu kuongozwa, na mwajiri makini, ambaye aghalabu husoma barua za namna hii akitafuta kasoro, ataishika maana hiyo ya pili. "Eccentric" ni jambo jingine kabisa, kwani hugusa vituko vya mtu, wala si msimamo wake. Ikiwa unakusudia kusifu fikra huru pekee, andika "independent thinker", kisha utaje kazi mojawapo aliyoibuni.