Sekunde 90 za kumsubiri asiyekuwepo

Laptopu ninayoitumia dukani ni ThinkPad ya mtumba niliyoinunua mwaka 2017, na betri yake ilishakufa siku nyingi. Umeme ukikatika inazima hapo hapo. Ukirudi naiwasha upya. Siku mbaya naiwasha mara nne hadi tano. Kwa hiyo nikizungumzia muda wa kompyuta kuwaka, nazungumzia wanafunzi waliojipanga mlangoni na flashi mkononi, wanataka kuprinti kazi zao kabla kengele ya shule haijalia.

Ilikuwa inawaka kwa kama sekunde 25. Mei 2025 Ubuntu 20.04, toleo la mfumo wa Linux ninaoutumia, ikafikia mwisho wa masasisho yake ya kawaida, nami Jumamosi moja jioni nikafunga duka mapema na kuipandisha kwenda 22.04. Jumatatu asubuhi nikabonyeza kitufe, nikafagia kibaraza, nikapanga karatasi, nikarudi: nembo bado inazunguka. Nikapima kwa simu. Dakika 2 na sekunde 26.

Mafundi watatu nikawauliza, majibu matatu nikapata. Wa kwanza alicheka: "Dada, hizo Linux zako hizo. Lete nikupigie Windows." Wa pili akasema RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya GB 4 haibebi toleo jipya, niongeze. Wa tatu akatoa hukumu kwamba SSD, diski yangu isiyozunguka, inakata roho. Hakuna hata mmoja aliyeiwasha akaiangalia. Nami nusura ninunue RAM. Hela nilikuwa nimeshaitenga.

Kilichonizuia ni jambo dogo. Niliiwasha mara tatu mfululizo, na mara zote muda ulikuwa uleule, tofauti ni sekunde moja au mbili. Mashine iliyoelemewa haina nidhamu ya namna hiyo: leo itachukua dakika mbili, kesho tatu na nusu, kutegemea imeamkaje. Halafu ilikuwa kimya. Feni haivumi, taa ya diski haimetameti. Na nikishaingia ndani, Firefox inafunguka kama zamani. Kompyuta inayofanya kazi nzito utaisikia. Hii yangu haikuwa inafanya kazi yoyote. Ilikuwa imekaa inasubiri kitu.

Ndiyo maana nakushauri uanze na saa kabla ya kufika kwa fundi. Iwashe mara tatu, andika muda. Ukiona muda haubadiliki, na hasa kama ongezeko lake linakaribia sekunde 30 au 90, usinunue kitu kwanza. Kwenye Ubuntu, tangu toleo la 15.04, anayeamsha huduma zote ni systemd, na systemd kwa kawaida humvumilia asiyefika kwa sekunde 90 kamili, kisha huendelea na safari. Mimi nilikuwa nimeongezewa dakika mbili: 90 na 30. Wakati huo sikujua kwamba hizo ni ajali mbili zilizopandana.

Jambo la pili ni kuiondoa ile nembo. Nembo ni pazia tu. Ikianza kuzunguka, bonyeza Esc, na nyuma yake utaona maandishi. Kwangu ilionekana nyota nyekundu ikienda kushoto na kulia, na mbele yake "A start job is running for /dev/disk/by-uuid/", namba ndefu, kisha saa inayohesabu kuelekea 1min 30s. Yaani siku zote hizo kompyuta ilikuwa inasema inamsubiri nani, sisi tunaangalia nembo.

Ukishaingia, fungua terminali, dirisha la kuandikia amri, uandike `systemd-analyze`. Inagawa muda wa kuwaka vipande vipande. Yangu ilisema sekunde 34 kwenye kerneli, kiini cha mfumo, na dakika 1 na sekunde 48 kwenye sehemu ya huduma. Vikumbuke hivyo vipande viwili.

Hapa nikaingia mtego ambao wengi huingia. Kuna amri nyingine, `systemd-analyze blame`, inayoorodhesha huduma kwa muda zilizochukua. Juu kabisa ilikaa NetworkManager-wait-online, sekunde 7, ikifuatiwa na snapd. Nikaizima ya kwanza kwa ghadhabu, nikawasha upya, na muda haukupungua hata kidogo. Sababu ni kwamba huduma nyingi huamka sambamba, kwa hiyo ile ya juu kwenye orodha si lazima iwe ndiyo inayowachelewesha wengine. Na kubwa zaidi: orodha ile inataja waliofika na muda waliotumia. Ambaye hakufika kabisa hana pa kuandikwa. Huyo niliyemtafuta nilimkuta kwingine, kwa amri hii:

`journalctl -b | grep -i "timed out"`

Ikaja mistari michache, mmojawapo ukisema muda umekwisha kuisubiri diski yenye ile namba ndefu. Nilipoendelea kusoma kumbukumbu zenyewe, chini yake palikuwa na "Dependency failed" na jina la swapu, ile sehemu ya diski inayoipokea RAM ikijaa. Nikaandika `free -h`, na kweli, swapu ilikuwa sifuri. Kumbe toka Jumamosi nilikuwa nafanya kazi bila swapu na sijui.

Sasa hiyo namba. Kila patisheni, yaani kipande cha diski, ina kitambulisho chake, UUID, kama namba ya NIDA: majina yanaweza kufanana, namba haifanani na ya mwingine. Faili la `/etc/fstab` ni karatasi ya konda yenye orodha ya abiria kwa namba zao. Kompyuta ikiamka, inaita majina. Abiria mmoja hayupo, dereva anaweka miguu juu ya dashibodi, anasubiri.

Na aliyemshusha abiria ni mimi. Kabla ya kupandisha toleo, Ubuntu ililalamika kwamba nafasi haitoshi. Nikawasha kwa flashi, nikafungua GParted, programu ya kugawa diski, nikafuta patisheni ya swapu ya GB 8, nikaongeza nafasi ya mfumo, nikaunda swapu mpya ya GB 2 mwishoni. Swapu mpya, namba mpya. Orodha ya konda bado ina namba ya marehemu. Baada ya hapo niliiwasha mara moja tu kwa toleo la zamani, nikaenda kuswali magharibi, nikarudi nikaikuta tayari. Sikuona imechukua muda gani. Kwa hiyo toleo jipya lilibeba lawama ya kosa lililofanyika nusu saa kabla halijafika. Ndiyo sababu siku hizi mtu akiniambia "tangu nilipo-update", namuuliza siku hiyo alifanya nini kingine. Alichomoa diski ya nje? Alibadilisha SSD? Mara nyingi kuna kitu.

Matibabu yalichukua dakika kumi. `sudo blkid` ikanionyesha namba halisi za patisheni zilizopo. Nikanakili faili kwanza, `sudo cp /etc/fstab /etc/fstab.zamani`, kisha nikalifungua kwa nano, programu ya kuhariri maandishi, na kubadilisha namba kwenye mstari wa swapu peke yake. Usiguse mistari mingine, tafadhali. Swapu ikikosekana unapoteza sekunde 90. Patisheni ya mfumo au ya data ukiiandika vibaya, kompyuta inaweza kukutupa kwenye hali ya dharura, skrini nyeusi inayokutaka uandike amri. Kabla ya kuzima, `sudo findmnt --verify` hulikagua faili na kukuambia kama kuna mstari usioeleweka. Halafu `sudo swapon -a`, na `free -h` ikaonyesha GB 2.

Nikawasha upya huku nimeshika saa. Sehemu ya huduma ilishuka hadi sekunde 17. Lakini kerneli bado 34!

Hili la pili lilinipa kazi zaidi kwa sababu hakuna anayelitaja. Kabla mfumo haujafunguka, kerneli hufungua kifurushi kidogo cha kuanzia kiitwacho initramfs. Ndani ya kifurushi hicho kuna maelekezo ya kutafuta swapu, kwa sababu ukiilaza kompyuta kwa mtindo wa kuhifadhi kila kitu diskini, yaliyokuwemo kwenye RAM huandikwa humo. Maelekezo hayo hutoka kwenye faili lingine kabisa, `/etc/initramfs-tools/conf.d/resume`, na mashine yangu, iliyowekewa Ubuntu 16.04 mwanzoni kisha ikapandishwa ngazi kwa ngazi, ilikuwa nalo. Ndani yake, namba ileile ya marehemu. Kwa hiyo kerneli ilikuwa inamsubiri sekunde 30, inakata tamaa, inamkabidhi systemd, naye anaanza kumsubiri mtu huyohuyo upya kwa sekunde 90.

Kilichoniuma ni kwamba nilishaonywa. Wakati wa kupandisha toleo, mstari ulipita ukianza na herufi W, ukisema mpangilio una RESUME lakini hakuna swapu inayolingana. Ulipita katikati ya mamia ya mistari, nami nilikuwa nakula mihogo.

Mimi siilazi kompyuta kwa mtindo huo, na swapu ya GB 2 huenda isingetosha kwa RAM ya GB 4. Nikaandika `RESUME=none` humo, nikaendesha `sudo update-initramfs -u` ili kifurushi kiundwe upya. Hiyo amri ya mwisho usiisahau. Ukibadilisha faili bila kuunda kifurushi, kerneli itaendelea kusoma kile cha zamani. Ikawaka: kerneli sekunde 4, huduma 17, na zile chache za mashine yenyewe kabla ya Ubuntu. Tumerudi kwenye 25.

Kama una diski ya nje uliyoiandika kwenye fstab, ongeza `nofail,x-systemd.device-timeout=5s` kwenye mstari wake. Siku ukiisahau nyumbani, safari haitakwama.

Wenye Windows najua mnasoma pia, maana tangu Windows 10 ilipoachwa bila msaada wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, ndugu na majirani wananiletea laptopu zilizopandishwa kwenda 11. Huko mambo ni tofauti kidogo. Mara nyingi mashine haisubiri mtu, kweli inahangaika. Siku moja au mbili za mwanzo iache kwenye umeme imalize kupanga faili zake na masasisho. Kisha bonyeza Ctrl+Shift+Esc ufungue Task Manager. Diski ikiwa 100% muda wote na ni ile ya kuzunguka, fundi anayesema uweke SSD hakosei, mlipe. Kwenye ukurasa wa "Startup apps" zima programu zinazojiamsha bila kualikwa. Na humohumo pembeni, "Last BIOS time" inakuambia sekunde zilizopotea kabla Windows yenyewe haijaanza. Ikiwa 20 na kitu, kufuta programu hakutakusaidia. Na ukipima, pima kwa Restart. Kukiwa na "Fast Startup", Shut down haiizimi kompyuta kabisa, inailaza nusu, kwa hiyo muda utakaoupata si wa kuwaka kwa kweli. Anayetaka ushahidi wa maandishi afungue Event Viewer, kwenye Diagnostics-Performance, atafute tukio namba 100. Muda wa kuwaka umeandikwa humo kwa milisekunde, na matukio ya 101 hadi 103 hutaja programu, draiva au huduma iliyochelewesha.

Yule fundi wa RAM alipita dukani wiki iliyofuata kuprinti barua, umeme ukiwa ndio kwanza umerudi. Niliiwasha mbele yake. Akaitazama, akanitazama, akaniuliza nimeongeza GB ngapi.