Umepandikizwa nywele, umerudi Dar: siku kumi za kwanza

Wanaonifuata pembeni kuniuliza habari za kichwa changu huanza na bei, kisha maumivu. Bei kila mtu na mfuko wake. Maumivu ni madogo kuliko unavyodhani: sindano za ganzi ndizo zinazokutoa machozi, baada ya hapo ni parasetamoli na uvumilivu. Shughuli yenyewe iko kwenye siku kumi zinazofuata. Kliniki ya Istanbul, kule Uturuki ulikopandikizwa, itakupa karatasi ya maelekezo, na ni karatasi nzuri tu, ila imeandikwa kwa ajili ya mtu anayerudi kwenye nyumba yenye kiyoyozi, isiyo na mbu wala wageni. Sisi tunarudi Tandika.

Elewa kwanza kilichofanyika, ndipo masharti yataacha kuonekana kero. Kwa njia ya FUE wanachomoa mizizi ya nywele mmoja mmoja kutoka kisogoni, wanatoboa vitundu vidogo pale penye upara na kuipachika humo. Siku mbili tatu za mwanzo mizizi hiyo imeshikiliwa na damu iliyoganda tu. Ukikwaruza, unang'oa. Kadiri siku zinavyokwenda ngozi inaikamata, na kufikia siku ya kumi hivi imeshatulia mahali pake. Hapo katikati ndipo kila kitu kinachogusa kichwa ni adui, na ukianza kuvihesabu utashangaa vilivyo vingi.

Chukua safari ya kurudi. Ndege ya Istanbul hadi Dar ni kama saa saba, na hatari kubwa humo ni begi la mwenzako linaloshushwa kutoka kwenye kabati la juu. Omba kiti cha dirishani, na ndege ikitua kaa hapohapo mpaka watu wapungue. Mto wa shingo ununue mapema, utakufaa na nyumbani, maana kwa siku kadhaa utalala umeinuliwa mgongo, kisogo hakijakandamizwa na utosi haugusi kitu. Nguo ziwe za vifungo mbele. Kanzu inapitia kichwani, kwa hiyo iache kabatini, na fulana vilevile. Kofia ya kiua inayobana sahau kwa muda. Wao watakupa kofia pana laini, hiyo ndiyo ya kutokea nje, kwa sababu jua la kwetu halifai kabisa kwa ngozi iliyotobolewa. Bodaboda usipande: ukivaa helmeti unaua mizizi, usipoivaa unajiua mwenyewe. Na mlango wa daladala unaujua.

Chandarua ndicho ambacho hakuna karatasi inayokitaja. Kile cha duara, kinachoning'inia kutoka kwenye pete moja, kinashuka kwa mteremko, na mtu aliyelala nusu kaketi kichwa chake kinaishia palepale kitambaa kinapoinama. Nyuzi zake ni nyembamba, na vigaga, yale maganda madogo yanayokauka juu ya vitundu, vina kingo kali, vinanasana. Mimi kabla ya safari nilifunga cha pembe nne, nikakivuta juu mpaka karibu na dari. Ukisema utalala bila chandarua, fikiria mbu anakuuma utosini usiku nawe usingizini unajipiga kofi.

Kuoga sasa. Mara ya kwanza kichwa kinaoshwa na kliniki yenyewe kabla hujasafiri. Tazama vizuri mikono yao, au mwombe mtu achukue video. Unapaka losheni au povu waliyokupa kwa kuigusisha tu, si kusugua, unaiacha kama nusu saa ilainishe vigaga, kisha unamwagia maji ya uvuguvugu. Hapa mtindo wetu wa ndoo na kopo unashinda bomba la mvua la hotelini, kwa kuwa maji ya kopo yanatiririka bila nguvu. Mke wangu alikuwa anamwaga, mimi nimeketi kwenye kigoda nimeinua uso kidogo. Ukimaliza, taulo ni kwa ajili ya mabega. Kichwa kinakauka chenyewe.

Siku fulani nikaona kwenye taulo kigaga cha rangi ya kahawia, kidogo kama punje ya ulezi, na unywele mmoja umekichoma katikati. Moyo ulinidunda. Nikakipeleka dirishani: kikavu, hakuna damu, na mahali kilipotoka hapakuwa na damu pia. Hiyo ndiyo alama ya kuangalia. Mzizi ukitoka siku za mwanzo, kitundu chake kinavuja damu. Unywele ukidondoka na kigaga pakavu, huo ni unywele tu, mzizi umebaki chini. Vigaga vyenyewe humalizika kati ya wiki ya kwanza na ya pili, na siku daktari akikuruhusu ndipo unavisaidia kwa ncha za vidole, si kwa kucha.

Kuna suala la swala, nalo wenzetu Waislamu wa Istanbul wanalielewa ila halikuwemo kwenye karatasi niliyopewa. Ukisujudu damu inakimbilia kichwani, paji la uso linakandamizwa, na hivyo vyote viwili umekatazwa. Mgonjwa ana ruhusa ya kuswali ameketi na kuinama kwa ishara, na kiti msikitini si kitu kigeni. Kuhusu kupaka maji kichwani wakati wa udhu, muulize sheikh wako kabla ya kusafiri. Sisi wa madhehebu ya Shafii tunatosheka na kupaka sehemu ndogo tu ya kichwa, lakini ikiwa chote kina vidonda, yeye ndiye wa kukuongoza, si mimi.

Kuanzia siku ya pili au ya tatu utavimba. Maji na dawa ya ganzi waliyodunga juu yanashuka, yanajaza paji la uso, kisha yanatua machoni. Unaweza kuamka jicho halifunguki, na mama mzazi akikuona hivyo atataka kuita gari. Mweleze mapema. Barafu iliyofungwa kwenye kitambaa unaweka juu ya nyusi, kamwe si penye mizizi, na unalisukuma paji la uso taratibu kwa vidole kuelekea pembeni. Siku chache uvimbe unakwisha.

Muwasho unachosha kuliko uvimbe. Dawa yake ni maji ya chumvi ya hospitali, yale ya dripu, kwenye chupa ya kupulizia. Unapuliza mara kwa mara ukiwa macho, ukungu mwembamba tu. Umeme ukikatika usiku wa joto utaelewa kwa nini nasema uwe na chupa mbili.

Kisha watakuja ndugu. Shangazi ana mafuta ya nyonyo, jirani ana kitunguu maji, mtu mwingine habasoda ya Zanzibar iliyomwotesha nywele mjomba wake. Pokea, shukuru, weka kabatini. Hakuna mafuta wala juisi inayopita juu ya kidonda kibichi. Watoto wadogo usiwabebe, wanapenda kushika kichwa. Aspirini na brufen usimeze bila kumuuliza daktari, sigara na pombe weka kando, mazoezi na mambo ya chumbani yasubiri.

Jambo moja lishike sana. Karatasi nyingi zinasema uangalie wekundu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani hivyo, pengine utaona weusi uliozidi au zambarau. Angalia joto, maumivu yanayoongezeka badala ya kupungua, usaha, harufu, homa, au ganda jeusi gumu linalotanuka. Na kama ukoo wenu una keloidi, yale makovu yanayoota na kutokeza, hilo daktari alijue kabla hajashika sindano. Nywele zetu za kipilipili zimejikunja hata chini ya ngozi, hivyo mtoboaji asiyezizoea huikata mizizi mingi wakati wa kuichomoa. Huyo hata utulie siku mia hakusaidii. Uwe pia na daktari wa ngozi wa hapa nyumbani uliyeonana naye kabla. Muhimbili wapo, na Moshi pale hospitali ya KCMC ndiko kuna chuo kinachofundisha madaktari wa ngozi wa kanda nzima. Picha za WhatsApp kwenda Istanbul hazipimi homa.

Wiki za mbele nywele zile mpya zitadondoka karibu zote, utabaki kama ulivyokuwa, na watu watakuuliza kama umetapeliwa. Ndivyo inavyokuwa. Mzizi unapumzika, unaanza kuotesha tena kuanzia mwezi wa tatu au wa nne, na picha kamili unaipata baada ya mwaka au zaidi. Kinyozi naye mwambie mapema: mashine isiguse kisogo wala mbele mpaka daktari atoe ruhusa, na ikianza kisogoni mbele bado, na wembe ndio wa mwisho kabisa.