Anti, yule mzee bahili alimtokea kweli?

SWALI: Shikamoo anti. Juzi mimi na mume wangu tuliangalia muvi inaitwa The Man Who Invented Christmas, ile ya Charles Dickens anaandika hadithi ya krismasi, sasa kila akishika kalamu yule mzee bahili Scrooge anamtokea chumbani wanaanza kubishana. Mume wangu anasema yote kamba tupu, mimi nasema jamaa alichanganyikiwa na madeni. Tumewekeana kreti ya soda. Tuamulie.
Mama Wawili, Mbagala

JIBU: Marahaba mwanangu. Hiyo kreti mgawane tu, maana kila mtu kapata nusu.

Scrooge kukaa kitini na kujibizana na mwandishi, hiyo wametunga wenye muvi yao mwaka 2017, na yule dada wa kazi Tara naye wa kutunga. Ila hawakutoa hewani. Dickens mwenyewe aliandika kwenye barua kwamba wakati anaitunga alikuwa analia, anacheka, analia tena, na usiku watu wamelala yeye anatembea mitaa ya London maili 15 hadi 20, yaani utoke kwako Mbagala mpaka Posta kwa mguu halafu urudi, tena usiku mmoja huo.

Baba yake kufungwa jela ya wadaiwa ni kweli kabisa, Marshalsea, mwaka 1824, na mtoto wa miaka 12 akatolewa shule kwenda kubandika lebo kwenye vyombo vya dawa ya viatu. Hapo mimi nilipoziona zile sini za kiwandani nilisimamisha muvi nikaenda kunywa maji kwanza. Hiyo aibu aliificha karibu maisha yake yote.

Madeni ndio ushindi wako. Riwaya aliyokuwa anaitoa kipindi kile ilikuwa inadoda, mke mjamzito, akaanza hii Oktoba 1843 na tarehe 19 Desemba ikawa sokoni, nakala 6,000 zikaisha kabla ya krismasi.

Muvi inakuacha hapo unafurahi, lakini mimi naona utamu wenyewe wameuruka. Gharama za kuchapa alibeba yeye, akataka jalada jekundu, kingo za dhahabu, picha za kupakwa rangi kwa mkono, na bei akaiweka shilingi 5 za kwao. Alitegemea pauni 1,000, akapata 230! Haijapita hata miezi miwili wajanja wakatoa kopi yao ya bei chee, kama vile wale wa Kariakoo wanaokurushia muvi kwenye flashi, akawashtaki akashinda, wao wakatangaza kufilisika na gharama za kesi, pauni 700, zikamwangukia yeye.

Mwambie baba watoto alete soda 12, nyingine ulete wewe.