Kabla ya Kuongeza DAP, Pima Udongo

Kwa misimu minne mfululizo mahindi yangu huko Njombe yaliota vizuri, lakini yalipokaribia kufika magotini majani yalianza kugeuka zambarau kuanzia kingoni, nami kila mwaka nikaongeza DAP, mbolea ya dukani yenye fosforasi na naitrojeni, nikiamini kwamba udongo umechoka. Dalili ile ni ya upungufu wa kirutubisho cha fosforasi, na hapo sikukosea. Kosa langu lilikuwa kudhani kwamba shambani haimo, ilhali ilikuwemo, tena nilikwisha kuilipia.

Kipimo cha maabara kilionyesha pH, yaani kiwango cha tindikali, ya 4.9; namba ikishuka, tindikali huzidi. Kila namba moja ya kipimo hicho ni mara kumi, yaani udongo wa pH 5 una tindikali mara kumi kuliko wa pH 6. Inaposhuka chini ya 5.5, alumini iliyomo kwenye mfinyanzi huanza kuyeyuka, ikadumaza ncha za mizizi. Nilipong'oa shina moja nilikuta mizizi mifupi na minene, isiyo na vijizizi vyembamba vya kunyonya chakula. Alumini hiyo hiyo, pamoja na chuma, huishika fosforasi isipatikane na mmea. Maharage huumia kwa njia nyingine: bakteria wa kwenye vinundu vya mizizi, ambao huyapatia naitrojeni, hudhoofika, na madini ya molibdenamu wanayoyahitaji huadimika.

Mvua nyingi za nyanda za juu huosha kalsiamu na magnesiamu, na hilo sina la kulifanya. Kilichoniuma ni kujua kwamba DAP na urea nazo huongeza tindikali, kwa kuwa amonia inayotokana nazo hutoa tindikali inapogeuzwa kuwa naitreti. Nilikuwa nikigharamia tatizo langu mwenyewe!

Kwa hiyo, chukua udongo sehemu kumi hadi kumi na tano za shamba, kina cha sentimita 20, ukiepuka vichuguu na mahali palipochomwa taka. Changanya kwenye ndoo safi ya plastiki, kisha peleka nusu kilo maabara. Usikisie kiasi cha chokaa ya kilimo, ambayo hupunguza tindikali, kwa sababu mfinyanzi huhitaji nyingi kuliko kichanga. Mimi nilishauriwa tani 2 kwa hekta, nikaimwaga wiki sita kabla ya kupanda na kuilimia ndani, kwani ikiachwa juu ya ardhi haishuki upesi. Usiichanganye na urea wala DAP, la sivyo naitrojeni itapotea hewani. Kwenye kona moja niliirundika, na mahindi ya pale yakawa na michirizi ya njano: chokaa ikizidi, zinki na chuma navyo hufungwa.

Anayetaka kutumia mbolea ya Minjingu, ambayo ni mwamba wa fosfeti uliosagwa, ajue kwamba huyeyuka vizuri zaidi kwenye udongo wenye tindikali, hivyo asitangulize chokaa nyingi.

Sehemu ya viazi mviringo sikuigusa, kwa sababu viazi huvumilia tindikali, na pH ikipanda ugonjwa wa magamba kwenye ngozi huongezeka. Chai ya jirani, ng'ambo ya mfereji, inastawi katika udongo ule ule ulionishinda kwa mahindi.