Tengeni Eneo la Wazi Kabla Viwanja Havijaisha

Sensa ya mwaka 2012 iliukuta Mkoa wa Dar es Salaam una watu 4,364,541. Ya mwaka 2022 ikahesabu 5,383,728. Ongezeko hilo huusukuma mji pembezoni, ambako mashamba hukatwa vipande na kuuzwa kabla mpimaji hajafika. Nimekaa kwenye kamati ya urasimishaji, yaani ya kupima na kupanga makazi yaliyokwisha kujengwa kiholela, ya mtaa wa namna hiyo, na kwa mtaa unaoanza kujaa nashauri eneo la wazi, yaani uwanja wa watu wote usiojengwa, litengwe mapema, kwani kulitafuta baadaye ni kumwomba jirani avunje ukuta wake.

Hata hivyo, kutenga peke yake hakutoshi. Kwetu uwanja ulikuwapo kwenye mchoro, lakini ardhini haukuwa na bikoni, yaani alama ya mpaka, hata moja. Likamwagwa lori la mchanga kando ya goli, zikafuata tofali, kisha kibanda cha mabati cha mlinzi. Tulipohoji, mhusika akatoa karatasi ya mauziano yenye mashahidi na mhuri. Kwa hiyo dai bikoni za uwanja ziwekwe siku ileile vinapopimwa viwanja vya makazi, mchoro ulioidhinishwa ubandikwe ofisi ya serikali ya mtaa, na wakazi waitembee mipaka hiyo kwa miguu baada ya mkutano mkuu. Hata bustani mashuhuri huvamiwa: mwaka 1989 Wangari Maathai alilazimika kupinga mpango wa kujenga jengo la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park, Nairobi, hadi ukaachwa. Uwanja usio na jina utapona vipi?

Jihadharini pia na zawadi ya korongo, ambalo wenye mashamba hulitoa kwa moyo mweupe kwa kuwa haliuziki. Lipokeeni, maana maji ya masika yanahitaji pa kupita, kama bonde la Jangwani, hapa Dar es Salaam, linavyotukumbusha kwa mafuriko kila mvua kubwa, lakini msilihesabu kuwa uwanja wa watoto. Mimi napendelea viwanja vidogo kadhaa vya kuchezea karibu na nyumba kuliko kimoja kikubwa ng'ambo ya barabara ya daladala, ambako hakuna mzazi atakayemruhusu mtoto wa miaka sita kwenda peke yake.

Kuhusu fedha, kamati nyingi hukimbilia uzio. Ningeanza na bomba la maji na miche ya mwarobaini na mikungu pembezoni, kwa sababu miche isiyomwagiliwa hufa kiangazi cha kwanza, na bila kivuli wazee hawataleta bao lao wala mama lishe hatapata pa kuweka meza. Hao wakishazoea kukaa pale, lori la mchanga litaulizwa kabla halijashusha.