Malengo ya wahakiki wa ripoti

Dada yangu, umeuliza uwapimeje vijana wako wawili wanaohakiki ripoti za vyama vya msingi vya ushirika vya wakulima wa tumbaku hapo Tabora. Lengo la "Waongeze umakini" halipimiki, lifute.

Usihesabu ripoti walizopitia tu, watazikimbiza. Hesabu makosa yaliyogunduliwa baada ya wao kusaini. Chukua ripoti kumi za mwezi uliopita, zisome upya wewe mwenyewe, ujumlishe kilo za marobota na kulinganisha na stakabadhi. Ukikuta makosa sita, lengo la robo mwaka liwe yasizidi mawili katika ripoti kumi. Siku za kurudisha ripoti ziwe tano, inatosha.

Na maoni ya "rekebisha" peke yake yasihesabiwe kabisa! Mwandishi aambiwe ukurasa, tarakimu na kinachotakiwa. Kaeni nao mkubaliane kabla hujaandika malengo.