Hiyo baruti iliyomo kwenye chupa ya jemu haina kipimo

Mleta mada, liache kwanza swali lako la nyundo ya kuchomolea vichwa vya risasi kwenye maganda, na hiyo chupa ya jemu uliyoipiga picha uitoe juu ya meza. Umesema umenunua risasi 200 kuukuu za bunduki, za aina ya .30-06, kwenye mnada wa mali ya mzee aliyefariki huko Pennsylvania, umekwisha kuzifungua 60, baruti yote umeimimina pamoja, na sasa unauliza uipime kiasi gani ili ujazie maganda yako kabla ya msimu wa kulungu. Kipimo hicho hakipo katika kitabu chochote, na yeyote atakayekutajia tarakimu atakuwa anakupeleka nilikopelekwa mimi.

Mwaka 2021, fataki (vile vikombe vidogo vya kitakoni vinavyoiwasha baruti) na baruti yenyewe zilipokuwa adimu madukani kote Marekani, mimi nikiwa hapa Texas nilinunua kreti ya risasi 160 za aina hiyohiyo. Maganda mengi yalikuwa na herufi LC na tarakimu 43 kwenye kitako, maana yake yalitoka kiwanda cha Lake City, Missouri, mwaka 1943. Mzee mmoja wa pale uwanja wa shabaha, ambaye kila Jumamosi huwa na wanafunzi watatu au wanne waliomzunguka kama kuku wanaosubiri mtama, alinihakikishia kwamba risasi zote za jeshi za wakati ule zilijazwa baruti ya IMR 4895, hivyo nifungue kitabu kwenye ukurasa wa 4895 na kufuata kilichoandikwa. Sikumwuliza swali hata moja, kwa sababu alikuwa na mvi, nami nimelelewa kutowabishia wenye mvi.

Alichosema kilikuwa na ukweli nusu, na hiyo nusu ndiyo iliyoniponza. Ni kweli kwamba 4895 ilitumika sana kwenye risasi za M2, zile .30-06 za kawaida za jeshi la Marekani katika Vita vya Pili vya Dunia, lakini haikuwa baruti pekee, na kiwanda hakikuwa kikifuata kitabu chako wala changu. Kiwanda hupokea baruti kwa mikupuo mikubwa, kila mkupuo ukiwa na kasi yake ya kuungua, kisha hupima mgandamizo kwa vyombo na kurekebisha kipimo mpaka risasi iende kwa mwendo unaotakiwa. Baruti ya kopo tunayouziwa sisi raia huchanganywa makusudi ili kopo la leo lifanane na lile la miaka kumi iliyopita, na vitabu vyetu vimeandikwa kwa ajili ya kopo hilo tu. Kwa hiyo hata kama baruti yangu yote ingekuwa 4895 ya kijeshi, bado ningekuwa nakisia.

Nayo haikuwa 4895 yote. Ndani ya kreti ile, katikati ya risasi za jeshi, mwenyewe wa kwanza alikuwa amechanganya risasi chache alizojaza nyumbani kwake, za mwendo wa polepole, zenye baruti kidogo ya aina inayoungua upesi mno. Punje zake zilikuwa vijiti vifupi kuliko zile nyingine, na hili ndilo linalonikereketa mpaka leo, maana niliviona. Niliviona kwa macho yangu mawili, nikajiambia kwamba ni punje zilizokatika kwa uzee. Laiti ningeweka baruti ya kila risasi kwenye mizani kabla ya kuimimina, ningegundua kwamba chache zilikuwa na karibu nusu tu ya uzito wa nyingine, na hata mtoto wa darasa la nne angeuliza kwa nini. Lakini nilikuwa na haraka, na nilikuwa nimepata chupa nzuri yenye kifuniko.

Nilijaza risasi 20 kwa kipimo cha juu kabisa cha ukurasa ule, kwa sababu mtu akiamua kuwa mjinga hana sababu ya kujibania. Risasi nane za kwanza zilitoka vizuri, nami nikawa nimekwisha kuanza kutunga maneno ya kujisifu. Ya tisa ilitokea, nadhani, pale chini ya chupa vilipokuwa vimejikusanya vile vijiti vifupi. Sikusikia mlio wa kawaida, nilisikia kitu kama bati linalopasuliwa karibu na sikio, kisha moshi ukanijia usoni. Kitako cha ganda kilikuwa kimeachia, gesi ikapita nyuma kwenye komeo na kushuka chini, ikang'oa kifuniko cha chini cha magazini na kuupasua ubao wa bunduki kwa urefu wa kiganja. Fundi bunduki alilazimika kulitoa komeo kwa nyundo, kisha akanirudishia bunduki ndani ya mfuko kama mtu anayekabidhi maiti, akasema isifyatuliwe tena kamwe. Shavuni nilishonwa nyuzi nne. Macho yangu yapo kwa sababu ya miwani ya plastiki ya bei ndogo kuliko chakula cha mchana. Wanasema akili ni nywele, na kila mtu ana zake. Zangu siku ile ziliungua pamoja na nyusi.

Sasa piga hesabu ya nilichokuwa naokoa. Kila risasi ya aina ile hubeba gramu tatu na ushee za baruti, kwa hiyo zote 160 zilinipa zaidi kidogo ya nusu kilo, yaani kitu kisichozidi dola 40 hata kwa bei za mwaka ule wa uhaba. Bili ya hospitali sitaitaja, kwa kuwa mke wangu naye husoma hapa. Yule mzee nilipomfuata kumwonyesha shavu, alinijibu kwamba bila shaka nilikosea kupima. Jumamosi iliyofuata alikuwa palepale, na wanafunzi wapya.

Kanuni yangu ni moja, na sitaki kubembelezana juu yake: baruti ambayo hukuitoa wewe mwenyewe kwenye kopo la kiwandani lenye jina lake ni takataka, hata ikiwa inang'aa. Usinijibu kwamba utailinganisha na picha za mtandaoni, kwa sababu baruti ya bastola na baruti ya bunduki zinaweza kufanana kwa rangi na umbo huku kasi zake zikitofautiana mno. Usinijibu pia kwamba utaanza na kipimo kidogo, kwa kuwa hujui hicho kidogo ni kidogo cha nini. Tena baruti hizi hutengenezwa kwa nitroselulosi, ambayo huoza taratibu kadiri kemikali ya kuituliza inavyokwisha. Ukifungua chupa ukasikia harufu kali ya asidi badala ya harufu ya etha, au ukaona vumbi jekundu kama kutu, imekwisha kuharibika, na hapo hata kuihifadhi ndani ya nyumba ni hatari. Imwage nje, ukiitawanya nyembamba kabisa kwenye majani ya bustani mbali na moto na mbwa. Ina nitrojeni, na nyasi zitashukuru.

Vichwa unaweza kuvitumia tena, mradi uvipime kimoja kimoja na uvitenge vilivyochubuliwa. Fataki za wakati wa vita achana nazo, maana zina klorati, na mabaki yake ni chumvi inayovuta unyevu na kuufanya mtutu ushike kutu ndani ya siku chache. Ukiwahi kuzifyatua, osha mtutu kwa maji ya moto, kwa kuwa mafuta peke yake hayaondoi chumvi. Kuhusu maganda, umesema utayaosha kwa dawa ya kung'arishia shaba. Soma kwanza kama ina amonia. Jeshi la Waingereza huko India liliona maganda yake yakipasuka yenyewe ghalani msimu wa masika, na sababu ikaja kujulikana kuwa ni hewa ya amonia kutoka kwenye mikojo ya farasi. Ganda la mwaka 1943 halihitaji msaada wa namna hiyo ili lipasuke shingo.

Uliuliza na mambo mengine kuhusu mashine, nami nimeyasahau, wengine watakujibu. Zile 140 ambazo hujazifungua, ziache zilivyo, na kama maboksi yake ya asili yapo, wakusanyaji watakupa fedha za kutosha kununua kopo jipya la baruti. Halafu nitumie picha ya chupa hiyo ikiwa tupu.